Mamzeli Issa na Koti la Mzee Selemani

Niliacha kazi mwezi uliopita, baada ya macho yangu kukataa kabisa kuelewana na tundu la sindano. Vijana wa karakana mlinifanyia chai na mandazi, mkanipa saa ya ukutani, kana kwamba mtu aliyestaafu ndiye mwenye haja ya kujua saa. Nawashukuru. Mliniomba pia niandike kidogo nilivyoanza kazi. Nilitaka kukataa, lakini siku ileile ya mandazi nilimsikia mmoja wenu, simtaji, mwenyewe anajijua na ndevu zake tatu, akiwagawia wenzake kazi: "Kukata ni kazi ya wanaume. Mabinti mushone vifungo." Nilinyamaza kwa sababu mdomo wangu ulikuwa na andazi. Sasa hauna.

Habari za vyeo na mishahara sitaziandika. Ziko kwenye makaratasi ya ofisi na hazijawahi kumchekesha mtu. Nitaandika juu ya miaka yangu ya kwanza tu, miaka ya hamsini, nilipokuwa fundi wa Gisenyi kwa watu, na mwanamke kwa serikali.

Baba yangu alitoka Ujiji na mizigo ya chumvi na vitambaa, akafika Gisenyi, huku kando ya ziwa, akamwona mama yangu, akasahau njia ya kurudi. Kiswahili changu cha kuandika ni cha baba. Cha kusema ni cha hapa mjini kwetu. Nilipotimiza miaka kumi na sita alinipeleka kwa Fundi Ramadhani, aliyekuwa na cherehani zake kwenye baraza la duka moja katika mtaa wetu wa Waswahili. Baraza lile lilikuwa na mafundi watano, wote wanaume. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Cherehani ni mashine, na mashine ni ya mwanaume, basi. Mama zetu walitarizi kofia kwa mkono mpaka vidole vikatoboka, lakini hiyo haikuitwa kushona. Iliitwa kukaa nyumbani.

Ramadhani alikuwa mwalimu mzuri na mchoyo kwa pamoja. Miezi mitatu ya kwanza alinifanya nifumue tu, nguo kuukuu kwa nguo kuukuu, na uzi nilioukata vibaya aliufunga kwenye sikio langu nitembee nao hadi jioni. Alinifundisha kupuliza makaa ya pasi bila kurusha majivu kwenye shati jeupe. Alinifundisha kwamba mkasi wa kitambaa ukikatia karatasi, mwenye mkasi ana haki ya kupiga. Kanzu, kaptula na suruali alinionyesha zote. Koti hakumwonyesha mtu. Siku ya kukata koti alitugeuzia mgongo na kukata peke yake, mabega yameinuka, huku akikohoa ili hata mlio wa mkasi tusiusikie vizuri.

Nilipokuwa na miaka ishirini alikuja mjini Madamu mmoja, Mbelgiji, kufungua nyumba ya kufundishia akina mama, waliyoiita foyé. Huko walifundishwa kuogesha watoto, kutumia sabuni, na kutandika vitambaa kwenye meza ambazo wengi wao hawakuwa nazo. Zikaletwa na cherehani nne za kukanyaga, ndani ya masanduku. Madamu akatuma ujumbe barazani: anatafuta fundi wa kufundisha, mwenye tabia njema. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimeunguza suruali ya karani kwa pasi, kwa hiyo Ramadhani aliona kwamba tabia yangu ni njema sana. Akatamka barua ya kunisifu, kwa Kiswahili, ikaandikwa, ikapelekwa. Nilikuja kuisoma baadaye. Ilisema: "Fundi wetu Issa ana miaka ishirini. Ana adabu, hapendi makelele, hanywi pombe, anasali, mikono yake ni safi, hatoki ovyo jioni. Bado hana ndoa."

Someni tena barua hiyo mkiwa Wabelgiji. Kiswahili chetu kinasema "ana" na "hana" bila kujali aliyetajwa ana ndevu au ana hereni. Kifaransa hakiwezi kutembea hatua mbili bila kuuliza ni bwana au ni bibi. Na jina langu linaishia kwa *a*, jambo ambalo masikioni mwa Madamu lilimaliza maneno. Kama Ramadhani angesema "bado hajaoa", ningeokoka, maana hapo ndipo Kiswahili chetu hutenganisha watu: mmoja huoa, mwingine huolewa. Lakini alisema "hana ndoa", akidhani anaongea kwa heshima. Madamu akaelewa Mamzeli, yaani binti ambaye bado hajaolewa.

Siku ya kwanza nilivaa kanzu safi, nikafunga mkasi wangu kwenye kitambaa, nikaenda. Mlinzi alinizuia getini.

"Hapa inaingia wamama tu."

"Nimeitwa na Madamu."

"Kufanya nini?"

"Kufundisha kushona."

"We mwanaume, ufundishe wamama kushona? Yebaba we!" Akacheka mpaka akashika ukuta. Sikuelewa alichokuwa akicheka, kwa sababu kushona kwangu mimi kulikuwa kazi ya kiume kuliko kulinda geti.

Madamu alitoka na kitabu cha majina mkononi. Kiswahili chake alikuwa amejifunza kwa mpishi wake, kwa hiyo kilikuwa kizuri kwa mambo ya supu. Penginepo alichomeka Kifaransa, bon kwa vema na donc kwa basi, maneno ambayo mji mzima ulikuwa umeyaokota.

"Bon. Wewe naleta habari ya Mamzeli Issa?"

"Madamu, Issa ndiyo mimi."

"Non, non. Issa ile fundi."

"Ndiyo mimi, Madamu."

"Wewe ni kaka yake?"

"Mi niko na dada wawili, lakini hawajue cherehani."

"Donc, Mamzeli nakuja siku gani?"

Alitoa ile barua, akaisoma kwa kidole. Ana adabu. Hapendi makelele. Mikono safi. Hatoki ovyo. Kwa kila sifa aliinua macho na kuniangalia kama mtu aliyemkuta mwizi amevaa shati lake. "Hii ni mwanamke," akasema mwishowe. Nikamwambia hapana, hii ni mimi. Akaniambia kwamba kwao kushona kuko katika damu ya mwanamke, na kwamba vidole vya mwanaume vimeumbwa kushika nyundo. Mimi maisha yangu yote sikuwahi kumwona mwanamke kwenye cherehani. Tukatazamana pale getini, kila mmoja ana hakika na maumbile, na maumbile yenyewe hayakuwa yamemwambia yeyote kati yetu neno.

Kilichoniokoa ni zile mashine. Zilikuwa zimetolewa kwenye masanduku, lakini mikanda ya ngozi ilikuwa imewekwa nje ya magurudumu, na Madamu, pamoja na damu yake yote, alikuwa hajui kuingiza uzi kwenye bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini. Alijua kutarizi maua tu. Nilirudisha mkanda, nikatia mafuta tone moja, nikapitisha uzi, nikashona mstari ulionyooka kwenye leso yake mwenyewe. Akaangalia leso, akaangalia mkono wangu, akasema, "Bon." Nikawa mwalimu. Jina, hata hivyo, lilikuwa limekwisha kupelekwa kwenye ofisi kubwa, na karatasi ya ofisi kubwa haifutwi. Kwa miaka minne kitabuni niliandikwa Mamzeli Issa.

Mwaka ule wa kwanza alikuja mkaguzi kutazama foyé. Madamu aliingiwa na hofu, akaniambia Mamzeli ni mgonjwa leo, kisha akanipa bisibisi nishike. Mkaguzi alipita karibu yangu, akaona mwanaume, akaona bisibisi, akatikisa kichwa kwa kuridhika, hata akanisalimia kwa mkono. Nikakaa saa nzima nikikaza skrubu ambayo haikuwa imelegea. Jana yake nilikuwa na sindano mkononi na nilikuwa tatizo. Leo nina bisibisi na niko sawa kabisa.

Msidhani mimi nilikuwa na akili kuliko hao. Madamu aliwapanga wanafunzi kwa aina. Mbele aliweka wake wa Kiislamu wa mjini, eti vidole vyao ni vyepesi, watarizi. Katikati wale waliotoka milimani, eti wana subira, wapige pindo. Nyuma kabisa wale wa ziwani, eti wana nguvu, washone viraka na magunia. Nikaona ni mpango wenye hekima sana, nikaongeza na wangu: hakuna mwanamke atakayekalia cherehani. Nitakanyaga mimi, wao watazame. Ramadhani alinifundisha kwamba kanyagio hutikisa tumbo la uzazi, nami niliamini, ingawa Ramadhani hakuwa na tumbo hilo wala hakuwahi kumuuliza mwenye nalo.

Nilifundisha hivyo mwezi mzima, nakanyaga, wanatazama. Kisha akasimama mmoja kutoka safu ya nyuma. Jina lake Verediana, mke wa mvuvi, na mwenyewe alikuwa akiuza samaki siku za soko.

"Mwalimu," akasema, "mi nabeba kapu ya samaki toka ziwani mpaka soko ya Mahoko, mulima yote ile, na mutoto mugongoni. Tumbo haijatikisika. Sasa ka chuma kako ndiyo itaitikisa?"

Darasa lote likaangua kicheko, hata safu ya mbele yenye vidole vyepesi. Nikainuka kwenye kiti. Verediana akakaa, akaweka miguu, mashine ikarudi nyuma mara moja, ikakata uzi, halafu ikashika njia na haikuiacha tena. Tena alianza kupiga mluzi. Kwetu mwanamke hapigi mluzi, na wanafunzi wawili walijifunika nyuso. "Ayiwe, Mama!" wakamwambia. Yeye akasema mluzi unamsaidia kushika mwendo wa miguu. Nilijaribu nilipokuwa peke yangu, na ni kweli, unasaidia.

Huko mjini maneno yalikuwa mengi. Kulikuwa na kundi lililosema kwamba Issa amegeuka mwanamke, na kundi lililosema kwamba Issa ni jogoo aliyefungiwa na kuku. Barazani waliniita Mamzeli, wakinisogezea kiti na kupangusa vumbi nikae. Waume wa wanafunzi walipita dirishani wakinikodolea macho. Niliwaambia wote wachague shtaka moja, maana mtu mmoja hawezi kuwa yote mawili wiki hiyohiyo. Hakuna aliyeona tatizo katika hesabu hiyo.

Ningevumilia, lakini nilikuwa nimemposa Zuhura. Zuhura alikuwa binti wa Mzee Selemani wa mtaa wa Mbugangari, dereva wa lori, na nilimpenda kiasi kwamba nilikuwa nikipita kwao kila siku nikitafuta kuku ambaye sikuwa naye. Mzee Selemani akaniita.

"Kijana," akasema, "mi nasikia maneno mbili juu yako, na yote mbili siipendi. Moja inasema we si mwanaume. Ingine inasema we ni mwanaume kupita kiasi. Donc, nishonee koti. Koti ni kazi ya mwanaume, kila mutu anajua. Ikikaa muzuri kwa mabega hii, Zuhura ni wako. Ikikaa mubaya, urudi kwa wamama wako."

Akanipa kitambaa cha sufu, bluu nzito, alichokinunua Goma, ng'ambo ya mpaka. Kilitosha koti moja bila hata sentimita ya makosa. Nilimpima. Mzee Selemani alikuwa ameendesha lori miaka mingi, kiwiko cha kushoto kimekaa dirishani wakati wote, kwa hiyo bega la kushoto lilikuwa limepanda na la kulia limelala, tofauti ya vidole viwili. Nikaandika vipimo, nikaenda zangu. Mimi koti sikuwa nalijua. Nilijua mgongo wa Ramadhani tu.

Nilichora kwenye karatasi za mifuko ya saruji. Nikakata, nikabandika kwa pini, nikajivisha. La kwanza lilinibana kwapani, la pili lilisimama shingoni peke yake bila kunihitaji, la tatu lilikuwa la mtu anayekimbia. Mchana mmoja, wanafunzi walipokuwa wamekwenda, Verediana alirudi kuchukua kapu lake akanikuta nimevaa saruji.

"Mwalimu, hii koti ni ya mutu gani?"

Nikamweleza yote, na Zuhura, na mabega, na hukumu. Hakucheka, jambo lililonitisha zaidi. Alichukua karatasi ya vipimo, akaisoma.

"We umechora mutu mwenye mabega sawa," akasema. "Huyu iko na bega moja inalala. Ukimukatia sawa, koti yote itamufuata kule inalala."

"Umejuaje koti?"

"Bwana yangu iko na moja, ya kuukuu. Akiwa ziwani nilifumua yote, kila kipande, nikatandika chini, nikaangalia. Halafu nikairudisha. Mara ya kwanza alirudi akakuta mukono moja haiko. Nikamwambia panya."

Mara ya pili, akasema, mume wake hakugundua kitu, ila aliuliza kwa nini koti lake siku hizi linamkaa vizuri. Nikampa chaki. Sikumpa kwa moyo mkuu. Nilimpa kwa sababu nilikuwa sina njia nyingine. Akatandika sufu mezani, akachora bila kurudia mstari, akakata. Kwa mchana wa siku tatu alishona mwili, mabega, mikono, kola na bitana. Mimi nilishona vifungo na kupiga pasi. Hiyo ndiyo hesabu kamili ya kazi yangu kwenye koti lile, na ninaomba kijana wa ndevu tatu aisome mara mbili.

Alipomaliza aliniomba kitu kimoja. "Barazani wakikuuliza nani amekata, useme jina yangu. Mi nataka kukaa pale na mashine, kama wengine. Nimechoka kubeba samaki. Wakisikia toka kwako, watasikia." Nikamwahidi. Nilimwahidi kwa jina la Mungu, na siku hiyo nilikuwa namaanisha.

Mzee Selemani alivalia koti barazani, mchana, mbele ya mafundi wote watano, kwa sababu alitaka mashahidi. Lilimkaa. Sijui niseme nini zaidi. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alikuwa na mabega mawili yaliyo sawa, na akajishika kidevu na kutembea mpaka mwisho wa baraza na kurudi, bila sababu. Ramadhani alimzunguka. Akapitisha kidole gumba kwenye mshono wa bega, akainua kola, akanusa, sijui alikuwa ananusa nini. Kisha akaniuliza, na sauti yake haikuwa ya utani tena:

"Nani amekata hii?"

Jina lilikuwa mdomoni. Niliona uso wa Mzee Selemani unang'aa, nikaona Zuhura amesimama kwenye kona ya duka akijifanya ananunua chumvi. Nikasema: "Fundi wa foyé."

Haikuwa uongo. Verediana alikuwa fundi, na alikuwa wa foyé. Lakini nilijua watasikia nini, na wakasikia hivyohivyo. Ramadhani alinikumbatia, akaniita mtoto wake. Wakanipangusia kiti, safari hii kweli. Nilikaa. Nimefanya makosa mengi kazini, nimeunguza na nimekata vibaya, ila ni hilo moja tu ninaloona aibu nikilikumbuka nikiwa peke yangu.

Tukaoana na Zuhura. Siku ya harusi Verediana alikuja na kapu la samaki wa kukaanga kama zawadi. Baba mkwe, amevaa koti, alikuwa akimwonyesha kila aliyepita, na yeye pia akamwita.

"Mama, angalia kazi ya mukwe yangu!"

Verediana aliangalia. Akanyoosha mkono, akarekebisha kola iliyokuwa imejikunja kidogo. "Iko muzuri," akasema. Akaenda kula. Mimi nilimsogezea jirani sahani yangu ya wali.

Jumatatu alikuja darasani kama kawaida, akakaa kwenye mashine. "Issa," akasema, "uzi imeisha." Karibu miaka miwili yote alikuwa ananiita mwalimu. Aliniita Issa Jumanne, na Jumatano, na wanafunzi wengine wakaanza kuangaliana. Nilistahimili wiki mbili. Kisha nikamwambia anifuate, tukaenda barazani, nikasimama mbele ya Ramadhani na wenzake, baba mkwe pia akiwapo, nikasema wazi kwamba koti lile alilikata na kulishona mama huyu, mimi nilitia vifungo tu.

Ramadhani akageukia wengine, macho yamelowa.

"Munaona? Hii ndiyo adabu niliandika katika barua! Mutoto anatoa sifa yake, anapatia mwanafunzi!"

"Fundi, nasema kweli."

"Tunajua, tunajua."

"Wallahi, ni yeye!"

"Usiape sababu ya upole, mukwe yangu," akasema Mzee Selemani, akinigonga bega. "Mwalimu muzuri anainua watu wake. Bon. Mama, asante sana kwa vifungo."

Nilijitahidi. Kila nilivyoapa ndivyo heshima yangu ilivyopanda, na nadhani kama ningepiga magoti wangenifanya imamu. Mwishowe Ramadhani, kwa ukarimu, alimnyooshea Verediana chaki. "Bon, Mama. Kata hapa tuone."

Verediana aliitazama chaki. "Nyinyi wote hapa," akauliza, "mulikata koti mbele ya watu ndiyo mukapewa kiti?"

Ramadhani alikohoa.

"Basi," akasema. Akainua kapu lake, akaondoka. Nilimfuata mpaka barabarani nikitaka kumwomba msamaha, akaniambia nirudi, kwa sababu mtu akituona pamoja wataanza tena maneno ya jogoo na kuku. Hapo nilicheka kwa uchungu, na yeye akacheka kidogo. Kuniita mwalimu, hapana.

Akaenda kwa Madamu kuomba mashine ya nne, ile yenye meza iliyopasuka, akashonee sokoni Mahoko. Madamu alifurahi mpaka aliposikia neno suruali. Mwanamke kushona, ndiyo. Lakini mwanamke anashona gauni za watoto, si suruali za wanaume, hiyo ni kazi ya kiume! Mimi niliyekuwa nimeambiwa kushona kuko kwenye damu ya mwanamke nilisimama pale nikitafuta damu hiyo huishia wapi, kama ni kiunoni. Verediana akaahidi gauni, akapewa mashine. Alishona moja, ya njano, akaitundika mbele ya mashine yake pale Mahoko, na chini ya gauni hilo akashona suruali mwaka mzima. Watu walisema suruali zake zinanuka samaki. Walisema hivyo wakiwa wamezivaa.

Mwaka wa pili wa ndoa yangu, msimu wa mvua, baba mkwe alikuja nyumbani na koti mkononi. Msumari wa mlango wa lori ulikuwa umechana bitana kwenye bega la kulia. Akaketi kwenye mkeka, Zuhura akamletea chai, nami nikachukua wembe nikaanza kufumua, polepole, nikijua ndani nitakuta pamba, maana mabega yote ya makoti ya mji wetu yalijazwa pamba, na yote yakilowa mvua yaliporomoka. Lile halikuwahi kuporomoka. Nilikuwa sijajiuliza kwa nini.

Niliingiza vidole, nikavuta. Kikatoka kipande cha wavu wa kuvulia samaki, cha uzi uliochakaa mpaka ukawa laini, kimekunjwa mara nne na kushonwa pembeni kwa mishono midogo sana.

"Hii nini?" akauliza baba mkwe.

"Wavu, Baba."

"Wavu ya samaki? Ndani ya koti yangu? Uliiweka ya nini?"

Nilikigeuza kile kipande. Nilikivuta huku na huku. Ningeweza kubuni jambo, lakini nilikuwa nimechoka.

"Sijui," nikasema.

"Hujui."

Aliweka kikombe chini. Akauchukua wavu, akaufinya kwenye kiganja, akauachia, ukarudi kama ulivyokuwa. Akarudia mara tatu. Kisha akaniangalia kwa muda mrefu kuliko siku ya kuposa.

"Donc ni yule mama wa Mahoko."

"Ndiye, Baba. Nilisema."

"Ulisema," akakubali. Akasimama, akaukunja ule wavu vizuri, akautia mfukoni, akalitupia koti begani, lile bega linalolala. "Na we ndiyo ulikuwa mwalimu yake?"

"Ndiyo, Baba. Miaka miwili."

"Kila siku?"

"Kila siku, isipokuwa Jumapili."

Alivaa viatu, akatoka kuelekea kwenye lori lake, apande Mahoko. Mlangoni akageuka, na usoni hakuwa na hasira wala utani. Alitaka kujua tu.

"Miaka mbili, kila siku, na yeye iko pembeni yako," akasema. "Sasa we, mbona hukujifunza?"